Mwanachuo Anapobisha Hodi Ofisini

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma kuhusu wajibu wa mahali pa kazi katika kumkamilisha mwanachuo.)



Kila mwaka, masomo ya vyuo vikuu yanapokaribia ukingoni, maofisi ya halmashauri na ya wizara, mahakama, viwanda na mashule ya nchi hii hupokea wageni ambao hakuna mtu aliyewaalika. Mgeni huja asubuhi na mapema, shati limenyooshwa kwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha mna barua ya chuo yenye maneno yale yale ya miaka yote: mwanachuo aliyetajwa hapo juu anaombewa nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Afisa utumishi huisoma barua hiyo, humtazama kijana, kisha huwauliza wenzake: "Huyu tumweke wapi?" Na jibu, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, hutoka bila kufikiriwa: "Mpelekeni masijala."

Swali hilo na jibu lake ndicho kiini cha mazungumzo haya. Taifa linapozungumza juu ya kuwasaidia wanachuo wamalize masomo yao na wawe tayari kwa kazi, macho yote huelekezwa chuoni: kwa wahadhiri, vitabu, mabweni na mikopo. Ni haki macho yaelekezwe huko. Lakini sehemu ya mafunzo ambayo humgeuza mwanafunzi kuwa mtumishi haimo mikononi mwa profesa. Imo mikononi mwa karani, fundi, afisa ugani, mkuu wa shule na mwalimu wa somo, watu ambao aghalabu hawajaambiwa na yeyote kwamba wao nao ni wakufunzi.

Yafaa historia iguswe kidogo, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani kwamba jambo hili limezuka jana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wakati ule swali la msomi kukosa kazi halikuwapo. Serikali ilipanga mahitaji yake ya wataalamu kwa hesabu: wahandisi kadhaa, walimu kadhaa, mabwana shamba kadhaa. Mwanachuo aliyesomeshwa kwa fedha za umma alifungwa na ahadi ya kulitumikia taifa kwa miaka 5, na alipomaliza alipangiwa kituo. Hofu ya viongozi ilikuwa nyingine kabisa. Hawakuogopa kwamba msomi angekosa kazi, bali kwamba angeidharau kazi pamoja na watu waliomsomesha. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na katika tukio hilo hilo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata ikatoka Elimu ya Kujitegemea.

Kisha, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma. Wengi walio chini ya umri wa miaka 50 hulijua kwa jina la elimu ya msingi kwa wote. Walakini azimio hilo lilikuwa na mkono wa pili, nao uliligusa lango la chuo kikuu: kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kupanda moja kwa moja kwenda Mlimani. Alitakiwa kwanza kufanya kazi, na aje na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya Chama. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na haifai zifichwe. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka, kwa sababu msichana aliyekwisha kuingia kazini, akaolewa na kuzaa, alikuwa na vizuizi vingi vya kurejea darasani. Wakasamehewa sharti hilo baada ya miaka michache tu. Masomo ya sayansi na uhandisi nayo yalikosa wanafunzi wa kutosha, maana hesabu zikiachwa miaka miwili hupata kutu. Hatimaye sharti lenyewe likalegezwa.

Pamoja na hayo yote, fikra iliyokuwa chini ya sharti lile haikuwa na kasoro. Mtu aliyekwisha kufanya kazi huingia darasani na maswali yake mwenyewe. Aliyewahi kuwa karani wa ushirika, akasikia mkulima akilalamika kwamba mzani umemwibia, hasomi uhasibu kama shairi la kukariri kwa ajili ya mtihani. Anajua kitabu cha hesabu kinamhusu nani. Sharti lilipoondoka, fikra hiyo ilibakiwa na makao mamoja tu, nayo ni yale mafunzo kwa vitendo ambayo vijana huyaita fildi. Kitivo cha Uhandisi, kilichofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kiliyaweka mafunzo hayo kuwa sehemu ya shahada yenyewe, na vyuo na vitivo vingine vingi vinayo hadi leo. Uzito wote uliokuwa ukibebwa na miaka miwili ya kazi sasa umewekwa juu ya mgongo wa wiki chache, ambazo kwa wengi ni nane.

Hebu basi zitazamwe wiki hizo nane zinavyotumika.

Uchukuliwe mfano wa kijana anayesomea utawala wa umma, aliyepelekwa masijala. Siku ya kwanza anaonyeshwa rundo la barua na kuambiwa azipange kwa tarehe. Siku ya pili anatumwa kupeleka majalada ghorofani. Siku ya tatu mashine ya kurudufu imeharibika, kwa hiyo anatumwa mjini kutoa nakala. Siku ya nne hakuna kazi, naye anakaa kwenye benchi akiitazama simu yake. Mwisho wa wiki ya nane daftari lake la kumbukumbu limejaa maneno "kupanga majalada", msimamizi analitia sahihi bila kulisoma, na fomu ya tathmini inarudi chuoni na alama za juu katika kila kipengele, kwa sababu kijana ana adabu. Huyo amehesabiwa kuwa amefundishwa kazi.

Sasa achukuliwe kijana yule yule, masijala ile ile, rundo lile lile. Lakini safari hii yupo mtunza kumbukumbu aliyejitolea nusu saa kila asubuhi. Anamfunulia jalada moja lililo wazi kwake kisheria, tuseme la mjane anayedai kiwanja chake kilichopimwa mara mbili. Anamwonyesha kwa nini kila karatasi ina namba yake ya folio, na kwa nini karatasi haing'olewi hata kama imekosewa. Anamwonyesha dokezo: hapa afisa mdogo alieleza shauri, hapa mkubwa wake aliuliza swali, hapa jalada lililala miezi minne kwa sababu swali halikujibiwa, na hapa mjane aliandika barua ya tatu. Halafu anamwambia kijana: andika dokezo ambalo lingeandikwa siku ile. Kijana analiandika, linasahihishwa kwa wino mwekundu, analiandika tena. Kwa zoezi hilo moja amejifunza kwamba utawala wa umma ni mjane anayesubiri mlangoni. Hakuna mhadhara unaoweza kumpa somo hilo, kwa kuwa mhadhiri hana jalada la mjane. Masijala haikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana mara ya kwanza ni mtu.

Kwa ndugu walimu hali si tofauti, na pengine inauma zaidi, kwa sababu wao kufundisha ndiyo kazi yao. Mwalimu mwanafunzi anapofika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, katika shule nyingi hupokewa kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Vipindi vyote vya mwalimu wa somo humwangukia yeye, na mwenye somo akaonekana tena siku ya mishahara. Kijana huyu hufundisha madarasa yenye wanafunzi wengi kupita kiasi, husahihisha madaftari hadi usiku, na hakuna mwenzake hata mmoja anayeketi nyuma ya darasa kumtazama. Azimio la kazi na andalio la somo huandikwa kwa uangalifu siku inayosemekana mkaguzi wa chuo yu njiani. Mkaguzi mwenyewe ana shule nyingi za kuzunguka; hukaa kipindi kimoja, huandika alama, hupanda gari. Kijana akikosea kuelezea sehemu, hadi watoto wa kidato cha kwanza wakatoka wakiamini kwamba nusu ya theluthi ni robo, nani amemsahihisha? Atalirudia kosa hilo kwa miaka 30 ya utumishi wake, kama atabahatika kuajiriwa.

Na hapo pa kubahatika ndipo mambo yalipobadilika sana tangu siku za kupangiwa vituo. Uchumi uliyumba katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 Serikali ikapunguza watumishi, na wanachuo wakaanza kuchangia gharama za masomo. Wakati huo huo vyuo vikaongezeka. Sokoine kilisimama kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, pamoja na vyuo vingi vya mashirika ya dini na ya watu binafsi. Hayo ni maendeleo, na asiyeyafurahia amesahau nchi ilianzia wapi. Lakini mlango wa kutokea haukupanuka sawa na wa kuingilia. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili wa nafasi 70, wakaja watu zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyike Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Katika umati kama huo cheti hakimtambulishi mtu, kwa maana kila mtu anacho. Anayetambulika ni yule anayeulizwa "umewahi kufanya nini?" akawa na la kusema. Naye kijana asiyepata nafasi ya Serikali, ambaye itambidi aanzishe shughuli yake au aombe kwa mtu binafsi, anahitaji ujuzi wa kazi kuliko hata huyo aliyeajiriwa.

Zipo fani ambazo zimelielewa jambo hili mapema. Daktari hakabidhiwi wagonjwa peke yake siku ya mahafali. Hukaa hospitalini mwaka mzima chini ya wakubwa wake. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango ambao mhitimu hufanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, akitoa taarifa za mara kwa mara za kile alichokifanya kwa mikono yake. Neno zito katika mpango huo ni "chini ya": yupo mtu mmoja, mwenye jina na namba ya usajili, anayejibu kwa ajili ya kijana huyo. Kwa upande wa sheria, nchi ilipata mshtuko Oktoba 2022, matokeo ya Shule ya Sheria yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Iliundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Magazetini kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole: shule ikavilaumu vyuo, vyuo vikailaumu shule, wengine wakailaumu lugha ya Kiingereza. Lakini hao 633 walikuwa wamekwisha kupata shahada, yaani wamekwisha kuhesabiwa na taifa kuwa wamefuzu. Laiti swali lingeulizwa pia katika mahakama na ofisi za mawakili walikopitia mafunzo yao kabla ya hapo: huyu alipokuwa kwenu, alishika jalada gani?

Kuhusu kumaliza masomo kwenyewe, maana wapo pia wanaoanguka njiani hata kabla ya kufika huko ofisini, mfano mmoja wa mbali wastahili kutajwa. Mwaka 2007 vyuo vya jamii vya City University of New York, nchini Marekani, vilianza mpango kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini, ambao wengi wao walikuwa hawamalizi. Mambo yenyewe ni madogo mno. Kila mwanafunzi alipewa mshauri ambaye hakuwa na wanafunzi wengi, na ilikuwa lazima amwone mara kwa mara, alisaidiwa nauli ya usafiri wa mjini, alisaidiwa vitabu, pengo la ada likazibwa, naye kwa upande wake akatakiwa asome kwa wakati wote. Wachunguzi waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka 3, walio ndani waliohitimu walikuwa asilimia 40, na walio nje asilimia 22. Mpango ulikuwa na gharama zaidi kwa kila mwanafunzi, lakini kwa kila mhitimu gharama ilipungua, kwa sababu fedha haikupotelea njiani pamoja na walioacha.

New York si Mbagala, na hakuna haja ya kuiga. Ila mwenye kujua mabweni ya vyuo vya hapa ataona ndugu wa hadithi hiyo mara moja. Kijana ametoka Kasulu. Mkopo umechelewa kwa sababu jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la kidato cha nne. Anaona haya kusema. Anakosa majaribio mawili. Anashindwa somo moja, analibeba mwaka wa pili, linagongana na lingine kwenye ratiba, anashindwa yote mawili. Hakuondolewa masomoni na ujinga. Aliondolewa na herufi moja katika jina, na kwa kukosa mtu wa kumwuliza mapema, "wewe wiki hii hukuonekana, kuna nini?" Kanuni za vyuo humtaja mshauri wa wanafunzi. Kinachotakiwa ni mshauri ambaye mwanafunzi anaujua mlango wake. Na hapa mwalimu wa sekondari asijitoe: kuhakikisha kwamba majina ya mtoto yanafanana katika nyaraka zote kabla hajaondoka shuleni ni kazi ya dakika 10, nayo inaweza kuokoa shahada.

Wapo watumishi watakaojibu kwamba muda wa kufundisha hawana, na posho ya kufundisha hawapewi. La kwanza lina ukweli. Ofisi nyingi zina upungufu wa watu, na afisa mmoja hubeba kazi za watatu. Lakini kijana aliyefundishwa wiki mbili za mwanzo atambebea mzigo wiki sita zilizobaki, ilhali asiyefundishwa atakuwa mzigo kwa zote nane. La pili lafaa lijibiwe kwa kuuliza ni fedha ya nani iliyomleta kijana. Mwanachuo anayekopa kwa Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe, na sehemu ya mkopo huo ni ya mafunzo haya haya kwa vitendo. Kwa maneno mengine, kijana aliyekaa kwenye benchi akitazama simu amekopa fedha ili aje akae kwenye benchi hilo.

Lipo na jibu la tatu, lisilosemwa hadharani, kwamba anayefundishwa kazi leo atakichukua kiti kesho. Woga huo ni wa kibinadamu, lakini mtumishi ambaye kiti chake kinasalimika kwa sababu tu hakuna mwingine anayejua majalada yalipo, huyo hana kiti, ana ufunguo.

Wala wanachuo wenyewe si malaika. Wamo wanaotafuta mhuri tu. Daftari la wiki nane hujazwa usiku mmoja, taarifa ya mafunzo hunakiliwa kwa mwenzake wa mwaka jana hata jina la kiwanda likasahaulika kubadilishwa, na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoandika taarifa nzima kwa dakika moja. Walakini udanganyifu huo hustawi pale tu ambapo kijana anajua kwamba hakuna atakayesoma. Msimamizi anayeuliza swali moja juu ya ukurasa mmoja, "hapa unasema mlipima uwiano wa saruji na mchanga, mlipima kwa nini, ndoo au toroli?", amekwisha kuumaliza mchezo huo bila kumgombeza mtu.

Yanayotakiwa basi hayahitaji waraka mpya kutoka Dodoma. Barua ya chuo inapopokelewa, liandikwe juu yake jina la mtumishi mmoja atakayejibu kwa ajili ya kijana, si jina la idara. Kijana apewe kazi moja ya kweli yenye mwanzo na mwisho, itakayotumiwa na ofisi hata baada ya yeye kuondoka: orodha ya madeni ya maji ya kata moja, hesabu ya miche iliyopona katika kijiji kimoja, masanduku matatu ya kumbukumbu yaliyokuwa hayajafunguliwa. Shuleni, mwenye somo aketi nyuma ya darasa, japo kwa kipindi kimoja kila wiki, na baadaye amwite mgeni wake pembeni, mbali na masikio ya wanafunzi. Mtumishi aliye karibu kustaafu apewe nafasi ya kwanza katika kazi hii, kwa sababu mengi anayoyajua hayako katika jalada lolote.

Na ile fomu ya tathmini ijazwe kwa ukweli. Kumwandikia kila kijana kwamba ni hodari, kwa kuwa ni mtoto wa watu na asiharibiwe, ni kumnyima habari pekee aliyoifuata. Aliyeshindwa kuandika dokezo aambiwe kwamba ameshindwa kuandika dokezo, na aambiwe katika wiki ya pili, wakati bado zimesalia sita. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari la mwanachuo pana nafasi iliyoachwa wazi kwa maoni ya msimamizi. Ni mistari michache tu. Katika madaftari mengi yanayorudi vyuoni, mistari hiyo ina sahihi na mhuri, na juu ya sahihi hakuna neno.